Nyumba Kongwe na Haki Yake ya Kutengenezwa

 

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki dunia, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Bukoba ndiko kulikoumia zaidi, lakini wilaya za jirani nazo zilitikisika. Tokea siku hiyo suala la nyumba ya zamani limekuwa zito zaidi katika mkoa ule kuliko lilivyokuwa kabla, kwa sababu ufa wa ukutani si aibu ya mwenye nyumba tu, bali ni hatari kwa anayelala ndani na kwa anayepita nje.

Mtu wa Nyakasimbi, Karagwe, anaijua nyumba tunayoikusudia. Imejengwa na babu kwa matofali ya udongo na kuezekwa mabati ambayo sasa yameshika kutu. Babu amekufa, mirathi haijagawanywa, watoto na wajukuu wametawanyika, mmoja yuko Mwanza, mwingine Dar es Salaam, na aliyebaki nyumbani ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Mvua za vuli zinakuja. Je, nyumba itengenezwe au ivunjwe? Kwa fedha ya nani? Na ikiwa marehemu alisema enzi za uhai wake kwamba chumba cha mbele ni cha kuswalia, je, mambo yanabadilika?

Masuala haya huwafikia maimamu wetu, na mara nyingi hujibiwa kwa busara ya ukoo peke yake. Busara ya ukoo si kitu kibaya. Lakini wanazuoni wetu wameyazungumza mambo haya kwa undani tangu karne za mwanzo, na historia ya Uislamu imeanza na ukarabati wa nyumba moja kongwe ambao Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishiriki kwa mikono yake. Katika makala hii hatutoi fatwa juu ya nyumba ya mtu, kwani fatwa humtaka mufti aijue nyumba yenyewe na watu wake. Tunachotaka ni kuonesha jambo moja ambalo limesahauliwa sana, nalo ni kwamba nyumba ina haki yake ya kutengenezwa, na kwamba katika mali ya wakfu haki hiyo hutangulia haki ya mtu yeyote anayekula pato la nyumba hiyo.

NYUMBA ILIYOITWA KONGWE

Katika Surat al-Hajj, aya ya 29 na ya 33, Allah (s.w.) ameiita Kaaba kwa jina la al-Bayt al-Atiq. Wafasiri wametoa zaidi ya maana moja ya neno hili. Wapo waliosema ni nyumba iliyoachwa huru, kwa kuwa hakuna jabari aliyefanikiwa kuimiliki. Na wapo waliosema ni nyumba kongwe, ya kale, kwa kuwa ndiyo ya mwanzo kuwekwa kwa ajili ya watu. Maana hii ya pili ndiyo tutakayoishikilia hapa.

Mtume (s.a.w.) alipokuwa na umri wa miaka 35, yaani miaka mitano kabla ya kupewa utume, Makureshi waliamua kuijenga upya Kaaba. Ilikuwa imeshapatwa na moto, kisha mafuriko yakazidhoofisha kuta zake. Habari za sira zinaeleza kuwa jahazi lilivunjika pwani karibu na Jeddah, Makureshi wakanunua mbao zake, na fundi mmoja aliyeitwa Baqum akawasaidia kazi ya paa. Walikuwa na mbao na walikuwa na fundi. Hata hivyo waliogopa kuivunja, mpaka al-Walid bin al-Mughira akatangulia kushika sururu, na watu wakangoja usiku kucha kuona kama atapatwa na balaa.

Linalotuhusu zaidi ni sharti walilojiwekea. Walikubaliana kwamba hakitaingia katika jengo hilo isipokuwa chumo safi: si malipo ya uzinzi, si riba, wala si mali iliyodhulumiwa kwa mtu. Hawa walikuwa washirikina, katika zama za ujahiliya, na Makka ulikuwa mji wa wafanyabiashara matajiri. Na pamoja na utajiri wote huo fedha safi haikutosha! Wakafupisha jengo upande wa kaskazini, wakaiacha nje sehemu ambayo leo tunaiita al-Hijr, yenye ukubwa wa dhiraa sita au saba. Kila hujaji anayetufu hupita nje ya ukuta wa Hijr, na kwa kufanya hivyo anazunguka alama ya upungufu wa mali ya halali ya Makureshi. Wangeweza kukopa kwa riba wakakamilisha. Hawakufanya.

Kisa cha Jiwe Jeusi, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoliweka juu ya kitambaa ili kila kabila lishike pembe, kinajulikana kwa kila mtoto wa madrasa, hatuna haja ya kukirefusha.

IBN ABBAS NA IBN ZUBAYR

Baada ya Makka kufunguliwa, Mtume (s.a.w.) alimweleza Bibi Aisha (r.a.) kwamba lau si kuwa watu wake wako karibu mno na zama za ujahiliya, angeivunja Kaaba na kuirejesha juu ya misingi ya Nabii Ibrahim (a.s.), akaiingiza Hijr ndani, akaishusha milango yake chini na kuifanya miwili. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim. Wanazuoni wameitumia sana kuthibitisha kuwa jambo jema linaweza kuachwa kwa kuchelea fitina iliyo kubwa kuliko wema wake. Kwa suala letu sisi inatosha kuzingatia kwamba yule aliyekuwa na haki zaidi ya kuibadilisha nyumba ile, naye akijua umbo lake sahihi, aliiacha kama ilivyo kwa ajili ya nyoyo za watu.

Mwaka wa 64 Hijiria jeshi la Sham liliizingira Makka, na Kaaba ikaungua. Abdullah bin Zubayr (r.a.), aliyekuwa akiutawala mji, aliwakusanya watu akawataka ushauri: aivunje na kuijenga upya, au atengeneze palipoharibika tu? Muslim ameipokea habari hii kwa urefu. Abdullah bin Abbas (r.a.) alitoa rai kwamba atengeneze palipodhoofika, na aiache nyumba ambayo watu walisilimu ikiwa katika hali ile, na mawe ambayo watu walisilimu wakiyaona na Mtume akatumwa wakati yako pale. Ibn Zubayr akajibu kwamba mmoja wenu nyumba yake ikiungua hataridhika mpaka aifanye mpya, sembuse nyumba ya Mola wenu! Akaswali istikhara siku tatu, kisha akaazimia kuivunja. Watu wakaogopa tena, kama walivyoogopa wazee wao, mpaka mtu mmoja akapanda juu na kuangusha jiwe. Walipoona hakupatwa na kitu, wakamfuata.

Msomaji asifanye haraka kumpa mmoja ushindi. Ibn Abbas alikuwa akizungumza kama mtu anayejua kwamba jiwe la zamani lina kumbukumbu ndani yake, na kwamba fundi akipewa ruhusa ya kuvunja hatajua aishie wapi. Ibn Zubayr hakuivunja kwa kupenda upya tu. Alikuwa na hadithi ya Bibi Aisha, mama yake mdogo, na alisema wazi kwamba sababu mbili zilizomzuia Mtume (s.a.w.) hazipo tena kwake: anayo mali ya kutumia, na hawaogopi watu. Alichimba mpaka msingi wa Ibrahim ukaonekana, akawaonesha watu kwa macho yao, kisha akajenga juu yake. Na kazi ilipokuwa ikiendelea alisimamisha nguzo na kuzizungushia mapazia ili watu waendelee kuijua qibla yao. Nadhani hapa wapo wajenzi wetu wa leo wenye la kujifunza, maana tumeona misikiti iliyovunjwa kwa shangwe kabla hapajapatikana mahali pa kuswalia hata Ijumaa moja.

Ibn Zubayr aliuawa mwaka wa 73. Al-Hajjaj akamwandikia Khalifa Abdul Malik bin Marwan, naye akaamuru Kaaba irejeshwe kama ilivyokuwa wakati wa Makureshi: Hijr ikatolewa nje, mlango wa pili ukazibwa, na kimo alichoongeza Ibn Zubayr kikaachwa. Baadaye, aliposikia kwa al-Harith bin Abdullah kwamba naye aliisikia hadithi ile kwa Bibi Aisha, Abdul Malik alijuta.

Miaka ikapita, wakaja Bani Abbas. Khalifa mmoja wao (baadhi wamemtaja al-Mahdi na wengine Harun Rashid) alimuuliza Imam Malik kama airudishe Kaaba katika jengo la Ibn Zubayr. Kwa hoja ya hadithi, jibu lingepaswa kuwa ndiyo. Imam Malik akakataa. Alimwomba asiifanye nyumba hiyo kuwa mchezo wa wafalme, kila mmoja akitaka kuibomoa huibomoa na kuijenga atakavyo, mpaka haiba yake itoke vifuani mwa watu. Khalifa akamsikiliza. Mvua kubwa za mwaka 1039 Hijiria (1630) zilipoziangusha kuta, ilijengwa wakati wa Sultan Murad wa Nne kwa umbo lile lile, na katika ukarabati wa mwaka 1417 (1996) kazi ilifanywa bila kuligusa umbo hilo.

Kwa hiyo kanuni ya Ibn Abbas, kutengeneza palipodhoofika na kuacha palipo pazima, ndiyo iliyodumu kivitendo kwa zaidi ya miaka elfu moja, ijapokuwa siku ile katika baraza haikufuatwa.

PWANI YETU

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunao mfano ulio wazi wa kanuni hiyo. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna mihrabu yenye maandishi ya Kikufi yanayotaja kuwa ulijengwa kwa amri ya Sayyid Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 Hijiria, sawa na mwaka 1107. Kuta tunazoziona leo nyingi si za mwaka huo. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, na paa lake la sasa ni la mabati kama paa la nyumba yoyote ya kijijini. Waliojenga upya hawakuwa na mabingwa wa mambo ya kale wa kuwaelekeza. Lakini waliiacha mihrabu ya wazee wao mahali pake, wakajenga kuizunguka, na watu wanaswali hapo mpaka leo. Anayedharau paa la mabati la Kizimkazi hajaelewa ukarabati ni nini.

Kilwa Kisiwani kisa ni kingine. Msikiti Mkuu ulipanuliwa katika karne ya 14 kwa nguzo na makuba. Habari za Kilwa zinaeleza kwamba uliporomoka na kukaa magofu kwa muda, mpaka ukajengwa tena katika karne ya 15 wakati wa Sultan Sulaiman bin Muhammad. Jengo kubwa lilihitaji mali kubwa ya kulitunza, na biashara ya dhahabu ilipopotea katika karne zilizofuata hapakuwa na wa kulitunza. Leo ni mabaki yanayotembelewa na watalii.

Karagwe nayo ina historia yake. Wakati wa Omukama Rumanyika, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka Tabora walikuwa na kituo Kafuro. Speke alifika Karagwe mwaka 1861, na Stanley, aliyefika mwaka 1876, ameandika kuhusu Ahmed bin Ibrahim (yeye amemwandika Hamed Ibrahim), mfanyabiashara aliyekaa hapo miaka mingi na kuwa na nyumba kubwa na ng'ombe wengi. Majengo ya bara wakati huo yalikuwa ya miti, udongo na nyasi, na nyumba ya namna hiyo haingoji. Msonge wa Wanyambo huezekwa tena na tena, na anayeuacha misimu michache hukuta fito zimeoza. Kwa hiyo nyumba ya bara huishi kwa kutengenezwa tu, na kila kizazi kinaijenga upya kwa hakika bila kuita jambo hilo ukarabati. Jambo hili wazee wa Karagwe walilijua bila ya kusomeshwa.

MJI MKONGWE NA WAKFU

Tuje sasa Zanzibar, ambako nyumba ni za mawe na watu walidhani jiwe haliozi. Mji Mkongwe wa Unguja una majengo zaidi ya 1,700, mengi yao ya karne ya 19. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu na chokaa, mnene kiasi cha nusu mita au zaidi. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Adui wa nyumba hii ni maji. Paa likivuja, udongo ulio katikati ya ukuta hulainika, ncha za boriti zilizomo ukutani huoza, na sakafu hushuka. Lipu ya chokaa huruhusu unyevu kutoka. Fundi akipiga lipu ya saruji juu yake, ukuta huonekana imara kwa nje na huku ndani unyevu umefungiwa. Nyumba nyingi zimeangushwa na watu waliodhani wanazitengeneza.

Nyumba nyingi za mji huo ziliwekwa wakfu. Ziko zilizowekwa kwa ajili ya misikiti, ili kodi yake inunue mikeka na mafuta ya taa na kumlisha imamu, na ziko zilizowekwa kwa kizazi cha mwenyewe na wale aliowaacha huru. Asili ya jambo hili ni ardhi ya Sayyidna Umar (r.a.) ya Khaybar, ambayo kwa ushauri wa Mtume (s.a.w.) aliifungia asili yake isiuzwe, isitolewe zawadi wala kurithiwa, na akayatoa sadaka matunda yake.

Sasa zingatia neno hilo, kufungia asili. Asili haiwezi kufungiwa ikiwa inaporomoka. Kwa hiyo wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wamesema, na imo katika Hidaya ya al-Marghinani (aliyefariki mwaka 593 Hijiria), kwamba jambo la mwanzo linalotolewa katika pato la wakfu ni matengenezo yake, awe mwenye kuweka wakfu ameshurutisha hivyo au hakushurutisha. Hoja yao ni nyepesi na yenye nguvu: aliyeweka wakfu alikusudia pato liendelee daima, na haliwezi kuendelea ila kwa matengenezo, basi sharti hilo limo hata kama hakulitamka. Na ikiwa nyumba imewekwa wakfu ili mtu akae, matengenezo ni juu ya huyo anayekaa. Akikataa, au akiwa hana uwezo, hakimu ataikodisha kwa mtu mwingine, aitengeneze kwa fedha za kodi, kisha amrudishie.

Kwetu sisi Mashafi, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676) katika Minhaj amezitaja kazi za nadhiri, yaani msimamizi wa wakfu, kuwa ni kukodisha, kutengeneza, kukusanya pato na kuligawa. Gharama za matengenezo hutoka pale aliposhurutisha mwenye wakfu, na kama hakushurutisha basi hutoka katika pato la wakfu. Minhaj imesomeshwa miaka mingi katika darsa za pwani yote, na sidhani kuna mwanafunzi wa fiqhi wa mwambao asiyeipitia mistari hiyo.

Lakini kusoma ni jambo moja. Kodi ilipokusanywa, wenye mafungu walikuwa wanangoja mlangoni, na nyumba haina mdomo wa kudai fungu lake. Kila mwaka uliopita bila kubadilisha boriti mbili ulionekana ni faida kwa watu, mpaka ikafika siku ambayo pato la miaka kumi lisingetosha kuitengeneza. Serikali ya himaya ya Kiingereza iliingia katika usimamizi wa wakfu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuunda kamisheni, na baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba nyingi zikataifishwa, familia kadhaa zikawekwa katika nyumba moja kwa kodi ndogo sana. Kodi ndogo ni rehema kwa maskini, hilo hatulikatai, ila kodi isiyofikia hata bei ya chokaa humwachia maskini huyo nyumba itakayomwangukia. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hayo yamesaidia, lakini yalikuja kwa kuchelewa kwa nyumba nyingi.

Mfano uliotikisa nyoyo ni Beit al-Ajaib. Hii haikuwa nyumba ya wakfu. Ni kasri iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ikapigwa mizinga mwaka 1896, baadaye ikawa ofisi za serikali na kisha makumbusho. Sehemu zake zilianza kuanguka miaka kadhaa kabla. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa imo katika ukarabati uliofadhiliwa na serikali ya Oman, upande wake wa mbele pamoja na mnara wa saa uliporomoka, na mafundi wawili wakafa. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Msiba huo unatuonesha kwamba nyumba iliyocheleweshwa huua hata siku inapotengenezwa. Kuhifadhi nafsi kunatangulia kuhifadhi mali, basi kazi ya kwanza ya fundi katika nyumba ya zamani ni kuiegemeza kwa nguzo na kuwatoa watu, kabla hajagusa tofali hata moja.

UKUTA ULIOINAMA NA NYUMBA YA WARITHI

Wanazuoni wameuwekea ukuta ulioinama mlango wake katika vitabu vya fiqhi. Kwa Mahanafi, ukuta ukiinama kuelekea njiani, mwenyewe akatakiwa auvunje, akashuhudishiwa, akapata muda wa kuuvunja na asifanye, kisha ukamwangukia mtu, basi yeye ni mdhamini. Kwa Mashafi, aliyeujenga umeinama kuelekea njiani hudhamini. Ama aliyeujenga wima kisha ukainama wenyewe, kauli yenye nguvu ni kwamba hadhamini, na ipo kauli nyingine kwamba hudhamini ikiwa aliweza kuuvunja au kuutengeneza. Kutodhamini hapa ni kutolipa. Si ruhusa ya kukaa kimya huku ukiona watoto wanacheza chini ya ukuta wenye ufa wa kuingia mkono, hasa katika mkoa ambao umeshaonja tetemeko.

Basi tukirudi kwenye ile nyumba ya Karagwe, jambo la mwanzo la kuuliza ni: hii ni mirathi au ni wakfu? Watu huchanganya. Nyumba ya mirathi ni milki ya shirika. Katika kauli mpya ya Imam Shafi, mshirika hamlazimishi mwenzake kutengeneza. Kauli ya zamani ilikuwa ni kwamba amlazimishe, ili kuzuia madhara. Ukuta wa shirika ukianguka na mmoja wao akataka kuujenga tena kwa vifaa vyake mwenyewe, hazuiwi, na alichokijenga ni mali yake. Ama aliyetumia fedha zake katika mali ya shirika bila idhini ya wenzake, huyo amejitolea, na hawezi kesho kuwadai. Ndugu wengi wamekatiana udugu kwa kutoijua hukumu hii. Kaka wa Mwanza anatuma fedha za mabati bila kuandikiana na mtu, miaka mitano baadaye anasema nyumba ni yake. Angewapigia simu kwanza na kupata idhini mbele ya mashahidi, mambo yangekuwa mengine. Na lililo bora kuliko yote ni kugawa mirathi mapema, maana mara nyingi nyumba haifi kwa umaskini wa warithi, hufa kwa kuwa haijulikani ni ya nani.

Ikiwa marehemu alitamka kukifanya chumba cha mbele kuwa wakfu wa kuswalia, na ushahidi upo, chumba hicho kimetoka katika mirathi. Hakigawanywi, hakiuzwi, na warithi hawana hiari ya kukigeuza duka. Kama alikuwa akikaribisha tu watu waswali kwake, bila kukiweka wakfu, basi hicho ni chumba cha nyumba kama vyumba vingine, na warithi ndio wenye kauli. Imamu asikimbilie kusema ni wakfu kwa sababu tu watu wamezoea kuswali hapo.

Na ikiwa ni msikiti kweli, umeanguka na haiwezekani kuujenga tena, madhehebu yetu yanasema hauuzwi kwa hali yoyote ile. Mahanbali wana wasaa hapa, wameruhusu kuuza na kuhamisha pindi manufaa yake yanapokatika. Vifaa vya msikiti wetu ulioanguka huhifadhiwa, na kadhi akiona kuna maslahi hujengewa msikiti mwingine, ulio karibu ndio bora zaidi, wala haifai kujengea kisima. Mikeka ikishachakaa kabisa, na boriti zikishavunjika zikawa hazifai ila kuni, kauli sahihi zaidi ni kwamba inajuzu kuziuza, na thamani yake irudi katika maslahi ya msikiti. Boriti inayofaa hata kwa kukatwa ikawa fremu ya mlango haiingii katika ruhusa hiyo. Fundi aulizwe kwanza, kabla kuni hazijapelekwa jikoni kwa mtu.

Wallahu aalam.